Kutu, Magadi na Makaa ya Mgunga

Jiko la makaa la zamani silinunui kwa macho. Kutu huyafanya majiko yote yafanane, zuri na bovu. Kwanza naligonga kwa kifundo cha kidole. Bati jembamba la siku hizi hutoa mlio mkavu unaokatika papo hapo. Jiko lililokatwa kutoka kwa pipa la lami au la mafuta, lile la galoni 44, hulia kwa sauti nzito inayokaa hewani kidogo. Nikiisikia sauti hiyo naomba kiti, nasalimia upya, kisha naanza kuuliza lilitoka wapi na nani alilifua.

Kazi inayonilisha ni kutengeneza pampu za visima. Hunizungusha Makueni yote na Kitui ya kusini: Mbooni, Nzaui, Kibwezi, kisha ng'ambo ya mto Athi hadi Ikutha, Mutomo na Mutha. Tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui itiwe lami, safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa ya saa chache, na pikipiki yangu hubeba mzigo bila kuutawanya njiani. Pampu ikishatoa maji, mwenyeji hunikaribisha chai. Chai hutoka jikoni, na nyuma ya jikoni ndiko yaliko majiko yaliyoachwa: chini ya ghala, kando ya choo, katikati ya matofali yaliyosalia nyumba ilipojengwa. Mara nyingi kuku ameatamia ndani, na hapo mazungumzo ya kuuziana husubiri hadi vifaranga watoke.

Wanaoshindana nami ni wanunuzi wa vyuma chakavu. Huja na mizani ya kuning'iniza, hupima kilo, hulipa, na kufikia jioni jiko limekanyagwa likawa bapa ndani ya gunia. Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo Januari 2022, baada ya minara ya nyaya za umeme kuhujumiwa, mizani ilinyamaza hadi Mei mwaka huo, na miezi ile nilipata vyombo ambavyo kwa siku za kawaida vingekuwa vimeshafika kwenye tanuru la kuyeyushia. Simlaumu mnunuzi wala muuzaji, maana karo huja kila muhula. Mimi hulipa zaidi ya bei ya kilo, na mara nyingi naongeza jiko jipya lenye udongo ndani, kwa sababu si haki kumwachia mama noti na kumwondolea chombo.

Aina ninayoithamini kuliko zote ni jiko la chuma kitupu, lile lililotangulia majiko ya udongo. Ni bakuli lenye matundu chini, limekalia mtungi wa chuma wenye mlango wa majivu, na ukingoni lina masikio matatu yanayokunjuliwa ili sufuria ikae. Wanaochunguza historia ya majiko husimulia kwamba umbo hili lilienea Kenya kupitia vibarua na mafundi wa Kihindi waliojenga reli, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kwetu Makueni masimulizi hayo hayashangazi. Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud zote zilikua kandokando ya reli, na hekalu la Makalasinga lililojengwa Makindu mwaka 1926 lingali likilisha wasafiri wa barabara ya Mombasa hadi leo. Mafundi wengi wa bati ninaowajua hufulia juu ya kipande cha reli. Hawana fuawe nyingine na hawaitafuti.

Lakini Wakamba hawakungoja reli ili wajue chuma. Wafua chuma wetu walikuwa wakitoa vichwa vya mishale, na mafundi wetu wa mikufu walijulikana mbali kwa wembamba wa kazi yao. Ninapolifungua jiko la zamani naona mikono miwili imekutana. Mshono wa kukunja, bati likiuma bati bila ribiti, ni wa fundi wa mabati. Pini inayoshika sikio, iliyonyooshwa kwa nyundo kutoka kwa kipande cha nondo na kuchongoka polepole kuelekea ncha, mimi naiona kuwa ya mtu ambaye baba yake au babu yake alifua mishale. Sina hati ya kuthibitisha hilo. Nina pini zenyewe, na kila fundi mzee niliyemwonyesha amezigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote kwenye meza yangu.

Hizo pini ndizo zilizonifanya niache kuondoa kutu kwa tupa. Tupa hula chuma pamoja na kutu, na alama za nyundo hufutika, ukabaki na jiko linalong'aa lisilo na fundi. Sasa natumia magadi, yale yale ya Ziwa Magadi tunayolainishia isyo ya mahindi na maharagwe. Nayayeyusha katika pipa la plastiki lililojaa maji, naning'iniza jiko ndani, kisha naliunga na waya hasi wa chaja ya betri ya gari. Waya chanya naufunga kwenye kipande cha chuma kisichofaa kitu, kikae majini bila kugusana na jiko. Umeme wa volti 12 ukipita, kutu hulegea na kugeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi na maji. Ukilitoa kesho yake utaona hata mstari ambao fundi aliuchora kwa ncha ya chuma kabla ya kukata. Kuna mambo mawili nayasisitiza kwa vijana wanaokuja kujifunza. Upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kile cha sinki na vijiko, kwa sababu hutoa kromi yenye sumu ndani ya maji. Na kazi hiyo hufanywa nje, mbali na moto na sigara, kwa maana mapovu yanayopanda ni hidrojeni. Kwa vitu vidogo kama bawaba na pini hakuna haja ya umeme. Maji mazito ya ukwaju huzisafisha, na ukwaju Mungu ametujalia.

Kwenye ukarabati nakataa uchomeleaji. Bati lililochoka likichomelewa huungua kandokando ya mshono, na moto wa kwanza ukiwaka hupasuka papo hapo palipochomelewa, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kikipoa hunywea, na mshono mgumu hauna pa kuupeleka mchezo huo. Mshono wa kukunja na ribiti huteleza kidogo na kurudi. Mafundi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana jiko la miaka mingi bado limeshikana. Ribiti nazikata kutoka kwa misumari. Kiraka nakitoa kwenye pipa la unene ule ule, kamwe si kwenye bati la kuezekea, na sababu yake si unene peke yake. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe unaomwangusha mtu kitandani kwa homa. Jambo hilo hilo nawaambia wenye bucha wanaopenda kununua wavu wa ua na kuuweka juu ya makaa. Nyama ya mbuzi haistahili kulazwa juu ya zinki.

Na hapa nifikie jambo ambalo wapenzi wengine wa vyombo vya kale hawakubaliani nami. Wao husema kukarabati ni kurudisha chombo kilivyokuwa siku ya kwanza. Kwa pasi ya makaa, ile yenye jogoo kwenye kifuniko, nakubali, maana leo pasi hiyo inakaa tu kabatini. Kwa jiko sikubali. Jiko la chuma kitupu lilikuwa mlaji mkubwa wa makaa siku ya kwanza, na likirudishwa kama lilivyokuwa, litarudia ulaji wake. Joto hupenya ubavuni na kumpasha moto anayepika badala ya chakula. Mahali pengine hilo lingekuwa suala la gharama. Kwetu ni suala la miti, mgunga na muuku.

Anayeishi Nairobi hununua makaa kwa mkebe na kuyaona yamezaliwa guniani. Sisi tunaona yanakotoka. Katika tanuri la udongo lisilosimamiwa vizuri, kuni za kilo 6 hadi 10 huishia kuwa kilo 1 ya makaa. Miaka yote ninayopita Ikutha na Mutha nimeona mashimo hayo meusi yakizidi kusogea mbali na barabara, na mgunga uliokuwa kivuli cha kisima ukawa kisiki. Mwanzoni mwa 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Kitui. Februari mwaka huo serikali ya kitaifa ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, amri iliyodumu hadi Rais William Ruto alipoiondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo bei ya gunia ilipanda, lakini watu hawakuacha kupika. Waliokuwa na jiko la kula makaa mengi ndio walioumia. Ndipo nilipokata shauri kwamba jiko lolote linalopita mikononi mwangu ili lirudi kazini litatoka likila makaa machache kuliko lilivyoingia.

Njia ya kulifikia hilo haikuwa ya kubuni. Ipo, na imefanyiwa kazi na watu wetu. Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na nishati jadidifu, na katika miaka iliyofuata Maxwell Kinyanjui na wenzake, wakishirikiana na Wizara ya Nishati na muungano wa mashirika wa KENGO, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalibadilisha lifae sufuria zetu, makaa yetu na mafundi wetu. Mabati yakafuliwa Shauri Moyo na Kamukunji, vyungu vya ndani vikachomwa na wafinyanzi. Hili ndilo jiko la kiuno chembamba ambalo leo liko katika nyumba nyingi za mjini Kenya. Ukilinganisha na la chuma kitupu, huokoa makaa kati ya thuluthi na nusu. Mimi nakistahi kiuno hicho. Katika majaribio ya kwanza udongo ulipasuka na kuanguka. Chombo kilipopewa umbo la kubana katikati, chungu kikapata pa kukalia kwa uzito wake chenyewe.

Majiko ya kwanza ya aina hiyo sasa nayo yamezeeka, na Kitui nayapata kwa wingi kuliko yale ya chuma kitupu. Ubavu wake ni mnene, chungu kimekwisha. Nakitoa kwa patasi polepole, kwa kuwa saruji ya zamani hung'ang'ania bati na ukiipiga kwa hasira utalipinda. Chungu kipya nakiagiza kwa mama mmoja mfinyanzi anayejua kuchanganya udongo wake na mchanga hadi usipasuke. Nampelekea kipimo kwa uzi, si kwa namba, na kinachorudi hakijawahi kunitatiza. Nakilowesha maji kabla ya kukipandikiza, ili kisinyonye unyevu wote wa saruji, na nafasi iliyo kati yake na bati naijaza mchanganyiko wa saruji kidogo na majivu mengi yaliyochekechwa. Nikipata vemikulaiti naitumia badala ya majivu, kwa sababu huzuia joto vizuri zaidi. Kisha nalianika kivulini siku kadhaa. Jua la Kitui hukausha juu na kuacha maji ndani, na maji hayo yakichemka siku ya kwanza chungu hupasuka. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa makaa ya kushika kiganjani.

Jiko la chuma kitupu nalo, kama bakuli lake ni pana vya kutosha, nalipatia chungu chake. Masikio, pini, mlango na mishono haviguswi, na chungu kimekaa kwa namna ya kuweza kutolewa bila kuharibu kitu, iwapo atakuja mtu baada yangu atakayetaka kulirudisha. Machache mno nimeyaacha bila kuyabadili hata kidogo. Ni yale ambayo kazi ya fundi ni nzuri kupita kiasi, na hayo siyauzi wala siyapikii.

Kuna jiko moja kandokando ya Mutomo ambalo sikulipata, na ndilo ninalolikumbuka zaidi. Lilikuwa la susu, bibi mzee aliyefiwa na mume. Lilikuwa limeungua chini na kutoboka, kwa hiyo alilitumia kuwekea majivu ya kunyunyizia mboga. Alinitazama nikiligonga.

"Unalitakia nini, mwanangu? Hilo lina tundu."

"Susu, tundu litazibwa. Ni mlango wake ninaoupenda."

Mlango ule ulikuwa umetobolewa matundu madogo ya mapambo, safu mbili zinazopishana, kama yanavyonakshiwa mabuyu yetu ya kunywea. Akaniambia alikuja nalo kwa mume, alilibeba kichwani, na kwamba ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi Makindu ndiye aliyelinunua. Nilitaja bei. Akanyamaza. Nikaongeza jiko jipya. Akasema jiko jipya atalichukua kama ni zawadi, lakini lile halitoki. Nikarudi siku nyingine na nyundo, kiraka na ribiti, nikaliziba pale pale chini ya mwarobaini, naye ameketi kando akinielekeza ni sikio lipi lilikuwa likilegea hata zamani. Tulipoliwasha alitaka liwashwe kama lilivyokuwa, bila chungu. Nilifanya hivyo. Nyumba ni yake na jiko ni lake, na makaa anayochoma mwanamke mmoja mzee hayataimaliza nyika ya Mutomo.

Majiko ya kuchomea nyama ni habari nyingine, na moyo wangu huchangamka zaidi huko. Jiko la bucha ni pipa lililopasuliwa kwa urefu wake, likalazwa juu ya miguu ya chuma cha pembe, na wavu wa nondo juu. Emali, ambako Wakamba na Wamaasai hukutana kwenye soko la mifugo, bucha zimebadilisha mapipa kizazi baada ya kizazi, na yaliyochakaa hutupwa nyuma. Pipa la zamani lililochomewa mbuzi kwa miaka mingi halina kutu sehemu ya juu. Mafuta yameungua juu ya nondo na kuwa ngozi nyeusi ngumu inayokinga chuma kuliko rangi yoyote. Ngozi hiyo siisafishi mpaka chuma cheupe. Nakwangua yale mafuta mabichi yaliyoganda, nasugua kwa maji moto na chumvi, nakausha kwa moto, basi. Anayeitoa yote kwa msasa atalazimika kuanza upya kwa shahamu ya ng'ombe na moto wa polepole, mara kadhaa, hadi nyama iache kunata.

Ugonjwa wa mapipa haya uko chini. Majivu yakilala humo usiku kucha hunyonya unyevu, na majivu yenye unyevu hula chuma bila kelele. Tumbo lililoliwa naliwekea kiraka, kisha juu yake natandaza udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu, unene wa vidole viwili. Udongo huo hulinda chuma na kurudisha joto juu. Ubavuni naacha mlango mmoja tu wa hewa, unaofungika. Wachomaji wengi wa zamani walitoboa matundu pande zote ili moto uwake haraka, na ndiyo maana walikuwa wakimwaga makaa kila wakati. Mbuzi hataki moto wa haraka. Anataka makaa ya mgunga yaliyokwisha kuvaa jivu jeupe, chumvi, na mtu asiyemgeuzageuza bure. Matundu ya ziada nayaziba yote, na wachomaji waliolalamika wiki ya kwanza ndio wanaoniletea mapipa ya wenzao.

Kila jiko likikamilika nalipima kabla ya kulikabidhi. Napima makaa kwenye mizani, natia muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe katika sufuria ile ile ninayotumia siku zote, napika hadi viive, kisha nazima yaliyobaki na kuyapima tena. Tofauti naiandika kwa penseli ya rangi ndani ya mlango wa majivu, pamoja na jina la mahali jiko lilipopatikana na jina la fundi aliyelifua, kama kuna anayelikumbuka. Nalipimia nje, chini ya mwembe, na kila anayelichukua namwambia lisilale ndani ya chumba kilichofungwa likiwa na makaa, hata yanayoonekana kufa, maana hewa yake haina harufu na huua waliolala.

Sehemu ya jina la fundi mara nyingi hubaki tupu. Ile milango yenye safu mbili za matundu yanayopishana nimeshaiona tena, mara moja karibu na Ikutha na mara nyingine Kibwezi, kwa hiyo huenda mkono ni mmoja, au mwalimu mmoja na wanafunzi wake. Wafua bati niliowauliza Makindu wanakumbuka mzee aliyefulia kando ya stesheni, lakini kila mmoja anampa jina tofauti. Mwenye jiko la namna hiyo nyumbani kwake, Kitui au Makueni, asiliuze kwa kilo kabla hajamuuliza mkubwa wa nyumba lilinunuliwa kwa nani. Mimi sihitaji kulichukua. Nikipewa nafasi ya kuugusa mlango na kulisikia jina, kiraka nitakitia bila malipo.